Ghala la Mlango Mmoja

Wenzangu wa somo la kompyuta huniuliza: maagizo ya kusoma na kuandika hifadhidata yawekwe wapi katika tovuti? Mimi nasema yakae pamoja, mbali na kurasa.

Tuseme twatengeneza tovuti ya kuandika uzito wa sangara na dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Kila ukurasa ukiingia katika hifadhidata kwa njia yake, siku jedwali likibadilika itatubidi turekebishe kurasa zote. Tukisahau mmoja, mzigo wa mvuvi hauandikwi, naye hukosa haki yake. Lakini maagizo yakiwa katika faili moja, twarekebisha mara moja tu, na kila neno aliloandika mtumiaji hukaguliwa hapo kwanza. Kazi ya mwanzo huzidi kidogo. Hata hivyo, ghala la mlango mmoja hulindika.