Sultani Aenda Morogoro

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, na wasafiri wengi huzihesabu kwa foleni: ukishavuka Kimara na Mbezi, safari imekwisha. Yangu ya kwanza na paka ilihesabiwa kwa saa za dawa. Kapsuli saa tisa usiku, kuondoka saa kumi na moja alfajiri, na jua likianza kuwaka tuwe tumeshaiacha Chalinze. Ratiba hiyo aliipanga daktari wa mifugo tuliyekuwa tunamfuata. Wifi yangu, mwenyeji wa Morogoro na mwenye gari, aliikubali huku akicheka. "Paka na dawa ya wasiwasi, wifi? Kwani huyu ana mkopo benki?"

Mkopo hakuwa nao, ila alikuwa na tabia iliyomweka pabaya. Sultani ni dume aliyehasiwa, wa kilo tano hivi. Tangu tuhamie nyumba mpya alikuwa akiupa ukuta mgongo, mkia juu, mkia ukatetemeka, kisha ananyunyiza mkojo. Alianzia sebuleni, akaingia chumba cha mama, akafika kwenye mswala. Hapo likawa jambo la dini. Katika nyumba zetu za pwani paka ana heshima yake: maji aliyoyaonja bado yanafaa kwa udhu. Mkojo wake lakini ni najisi. Mama alikuwa akifua mswala asubuhi baada ya asubuhi, na majirani walishatoa hukumu: kiroba, bodaboda, soko la samaki la Feri. Paka wengi wa mjini wameishia hivyo. Wifi ndiye aliyesema, "Kabla ya kiroba, apite kwanza kwa daktari."

Daktari huyo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, alianza kazi kwa simu. Nilimwambia kwamba muuza dawa za mifugo mmoja alishanishauri asepromazini, paka "alale mpaka Msamvu, Morogoro". Akakataa. "Hiyo itamlegeza viungo, dada, lakini hofu itabaki palepale. Atalala macho yamemtoka, anasikia kila honi, na kulia hawezi. Wewe utadhani ametulia." Tena dawa hiyo hushusha shinikizo la damu na kuupunguzia mwili uwezo wa kujirekebishia joto, jambo lisilofaa ndani ya gari kwenye joto la Mkoa wa Pwani.

Alichotaka ni gabapentini, dawa ya watu wenye kifafa na maumivu ya neva. Mwaka 2017 ulichapishwa Marekani utafiti wa paka 20 waliopewa miligramu 100 kabla ya kupelekwa kliniki, na siku nyingine kapsuli isiyo na dawa. Wenye paka, bila kujua ipi ni ipi, waliona hofu imepungua siku ya dawa. Mwaka 2023 nchi hiyo iliidhinisha pregabalini, dawa ya jamii hiyohiyo, mahususi kwa paka wanaoogopa safari na daktari.

Sharti la daktari lilikuwa moja: dawa ijaribiwe nyumbani kwanza. Nilichemsha kipande cha changu kitupu, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Nikafungua kapsuli, nikachanganya ule unga na samaki. Baada ya muda Sultani alianza kuyumba kidogo. Akaruka kitini, akapungukiwa, akaruka tena, akajinyoosha. Daktari alishanitahadharisha juu ya kuyumba huko. Alinitahadharisha pia kwamba si kila dawa ya binadamu huvuka kwenda kwa paka: Panadoli isiguswe kabisa, kwani ini la paka haliwezi kuiondoa sumu yake, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Alfajiri ya safari tulitandika ndani ya kreti kanga aliyozoea kuilalia, tukaifunika juu kwa nyingine. Mbezi, karibu na kituo cha mabasi cha Magufuli, honi zilianza. Alilia mara mbili, sauti ya chini, kisha kimya. Kimya hicho ndicho daktari alichoniagiza nikichunguze. Nilifunua upande mmoja wa kanga nikamulika kwa simu, mwanga wa pembeni. Paka aliyeganda kwa hofu hujibana kwenye kona, miguu yote chini ya tumbo, masikio yamelazwa, mboni zimejaa jicho. Hofu ikizidi hutokwa na udenda au huhema mdomo wazi. Sultani alikuwa amelala ubavu. Lori likapita, sikio moja likaligeukia, likarudi mahali pake.

Tukapita Kibaha, Mlandizi, daraja la Ruvu. Kwenye mizani ya Vigwaza malori yalitubana tukatembea kwa hatua. Chalinze wauza nanasi wakazunguka gari, kijana mmoja akachungulia kiti cha nyuma. "Mama, humo mna kuku?"

"Mgonjwa," wifi akajibu, akanunua mananasi mawili ili tusiulizwe tena.

Baada ya Mikese milima ya Uluguru ilipanda mkono wa kushoto, na Sultani akaanza kujilamba mguu. Paka aliyejawa hofu hana nafasi ya kujisafisha. Wifi, ambaye tangu Kimara alikuwa na mzaha mpya kila baada ya kilomita chache, alikaa kimya mpaka Msamvu.

Kliniki, nilitegemea kuandikiwa dawa. Kwanza ukachukuliwa mkojo, kisha damu. Paka anayekojoa pasipofaa anaweza kuwa na kibofu kilichovimba au vijiwe, na dume anayejikamua bila mkojo kutoka ni wa kukimbizwa kwa daktari siku hiyohiyo, maana njia ikiziba hufa katika siku chache. Majibu yalipokuja safi, daktari alihamishia maswali nyumbani kwetu. Ananyunyiza wapi hasa? Ukutani, chini ya dirisha. Nje ya dirisha kuna nini? Jalala, na madume wa mtaa. Mnasafishia nini? Kemikali yenye amonia, ambayo kumbe harufu yake hukaribiana na ya mkojo na yaweza kumwita arudie palepale. Tukapewa orodha: sehemu ya chini ya dirisha izibwe asiwaone wale wa nje, beseni la pili la mchanga mbali na la kwanza, sabuni ya unga yenye vimeng'enya badala ya amonia, na rafu ya juu ya kupanda.

Ndipo ikaja fluoksetini, dawa ya sonona kwa binadamu. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba huwapunguzia paka kunyunyiza mkojo. Huiacha serotonini ikae zaidi kati ya seli za neva, lakini kazi hiyo haionekani leo wala kesho. Husubiriwa wiki nne hadi sita. Kapsuli ya mtu ina miligramu 20, nyingi mno kwa paka, kwa hiyo mfamasia ilibidi aigawe. Kila dozi ifuatwe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, isije ikakwama kooni. Akigoma kula siku nzima, nipige simu, kwani ini la paka asiyekula huharibika upesi.

"Kwa hiyo hii ndiyo itakayomlaza?" wifi akauliza.

"Hapana, mama. Akilala kutwa, nimekosea dozi. Nataka aendelee kuwa paka yuleyule, acheze, ale, agombane na ninyi. Dirisha mtaliziba ninyi. Mimi namsaidia asiendelee kuogopa kilichoko nje ya dirisha hilo."

Miezi imepita. Sultani hunyunyiza kwa nadra, hasa madume wa jalalani wakipigana usiku. Mswala hajaugusa tena. Dozi itapunguzwa baadaye, taratibu, wala haikatwi ghafla. Daktari hakutuficha kwamba paka wengi hurudia wakiachishwa, na huenda huyu akaitumia kwa miaka. Mama alisikia neno "miaka" akaomba karatasi. Upande mmoja akaandika bei ya dawa, upande wa pili sabuni na maji ya kufulia mswala. Dawa ikazidi. Akaikunja karatasi, akafungua pindo la kanga, akanihesabia nusu ya fedha.