Ghala na Mlango Wake

Tangu mwaka 2020 mji wa Kisarawe hupata maji ya Mto Ruvu, yasafishwayo katika mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, wilayani Kibaha, kisha kupandishwa vilimani. Nyumba nyingi huyatumia, lakini hapana nyumba iliyopewa koki kuu ya tangi.

Waundaji wa tovuti wana haja ya hekima hiyo. Ukurasa wa duka hujengwa kwa vijenzi: kimoja huonyesha bidhaa, kingine kikapu, cha tatu jumla ya bei. Kila kijenzi kikishika hesabu yake, kikapu husema 3, jumla husema 2, na mnunuzi hulipa asichokiona. Vyote vikiruhusiwa kuigusa hesabu moja, kosa hutokea na mkosaji hajulikani.

Dawa iliyoenezwa na programu ya Redux tangu 2015 ni ghala moja: kila kijenzi husoma, walakini kitakacho mabadiliko hupeleka ombi mlangoni, na kanuni iliyoandikwa ndiyo ibadilishayo.

Ghala nalo lina gharama; lisijazwe kila kitu. Maji ya mtungi ni ya mwenye nyumba; maji ya tangi ni ya mji.