Masurufu ya Nyumba Mume Angojeapo Karatasi

Haya tumeyaandika sisi wawili, mume na mke, tukiwa meza moja, na kila mstari tumesomeana kabla ya kuuacha. Tusemapo "sisi" twakusudia wote wawili. Na jambo lililompata mmoja wetu peke yake tutasema ni la mume au ni la mke.

Tumeulizwa mara nyingi na wazee wa Mombasa na Unguja, hasa wenye vijana waliokwisha posa au kuposwa, kama ni kweli kwamba aoanaye na raia wa Marekani hupata kazi siku ile afikayo. Kwa njia moja ni kweli, kwa njia nyingine si kweli hata kidogo. Na kwa kuwa kutojua tofauti yake kulikaribia kutuvunjia nyumba yetu kabla haijatimiza mwaka, twaona si haki kulinyamazia.

Mke ni raia wa Marekani, amekulia Columbus katika jimbo la Ohio, wazee wake ni watu wa pwani, na kazi yake ni kuwauguza wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume ni fundi wa umeme wa Mombasa. Posa ilipokubaliwa, jamaa mmoja alitushauri tusome nikaha kimya kimya Mombasa, kisha tuombe viza ya uchumba, iitwayo K-1. Tulimshukuru, lakini hatukumfuata. Viza ile hupewa watu ambao bado hawajaoana, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua nikaha ya Kiislamu kuwa ni ndoa kamili. Basi aliyekwisha soma nikaha akaenda kusema yeye ni mchumba, amesema uwongo juu ya nikaha yake mwenyewe. Aliyekwisha kuoa njia yake ni ile ya mume: hungojea kwao, na pengine hungojea sana, lakini siku aingiapo Marekani huingia akiwa mkaazi, na kazi ni ruhusa kwake siku ile ile. Mchumba huwahi kuingia, kisha akangojea ndani ya nyumba ya mke. Sisi tulichagua hii ya pili, na hatukufikiri vya kutosha nini maana ya kungojea ndani ya nyumba ya mke.

Mume aliingia Februari 2022. Nikaha tukasomewa Machi, mbele ya walii na mashahidi, pamoja na cheti cha serikali, katika zile siku 90 ambazo sheria imeziweka. Aprili tukapeleka fomu: ya I-485 ya kuomba ukaazi, na ya I-765 ya kuomba ruhusa ya kazi. Wakati ule hii ya pili ilikuwa hailipiwi ikipelekwa pamoja na ya kwanza. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 mambo yalibadilika, ya ukaazi ikafanywa dola 1,440, na ya kazi ikatozwa dola 260 peke yake. Ruhusa ya kazi ilitufikia Desemba. Hesabu miezi.

Pamoja na fomu hizo iko moja iitwayo I-864, nayo ndiyo tungependa kila mzazi aijue kabla ya kupokea posa ya ng'ambo. Ni hati ya dhamana. Raia huweka sahihi kwamba mapato yake hayapungui sehemu 125 katika mia ya kile kiasi ambacho serikali imekifanya mpaka wa umaskini. Kwa watu wawili, mwaka ule wa 2022, kilifika dola 22,887 kwa mwaka. Akipungukiwa hutafuta mdhamini wa pili. Na dhamana yenyewe haiishi kwa talaka. Hukaa shingoni mpaka aliyedhaminiwa awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au aihame nchi, au mmoja wao afe. Basi tazameni: katika dini yetu ni mume ambaye humlisha mke, humvika na kumpa mahali pa kukaa, hata kama mke ni tajiri, na hapa mke wa miaka ishirini na sita ameweka sahihi mbele ya dola kwamba atamtunza mume. Mke aliweka sahihi ile asubuhi, baada ya kazi ya usiku, wala hakuona neno. Mume ndiye aliyeona neno.

Akiba aliyokuja nayo ilikwisha Aprili. Alipokuwa Mombasa alikuwa akimpa mama yake shilingi 15,000 kila mwezi, na mama yule ana ugonjwa wa sukari. Nani Mombasa atakayesadiki kwamba mtu yuko Marekani naye hana shilingi? Mke akawa ndiye apelekaye, kama dola 130 kila mwezi, na mama huomba dua kwa simu, "Mwanangu, Mungu akuzidishie," na mwanawe huitikia "Amin" macho yakiwa chini.

Mwezi wa Juni mtu mmoja mwenye duka, Muislamu mwenzetu ambaye safu ya mbele haimkosi, alimwita mume kando akamwambia, "Ndugu yangu, njoo unitilie nyaya za duka jipya, usiku usiku, wiki mbili tu. Nitakupa dola 1,200 mkononi, hapana karatasi wala hapana atakayejua." Hatumlaumu sana mtu huyu, kwani nadhani alitaka kumsaidia kwa njia aliyosaidiwa yeye. Lakini fomu ya I-485 inauliza waziwazi kama mwombaji amepata kufanya kazi bila ya idhini, na sahihi yake ni kama kiapo, kwani uwongo humo ni kosa la jinai. Basi atakayefanya kazi ile ama ataikiri, ama atasema uwongo mara ya pili ili kuifunika ya kwanza. Na wanavyuoni wetu wameandika tangu zamani kwamba Muislamu aingiaye nchi ya watu kwa amani yao amefungwa na ahadi, wala si halali kwake kuwahini, wawe dini gani. Viza ni nini kama si amani hiyo? Mume alikataa. Usiku ule hakulala, na kulipopambazuka simu ya kwanza ilitoka Mombasa, dawa ya mama imepanda bei.

Miezi ile mume hakukaa bure, ijapokuwa kwa desturi ya kwetu aliyokuwa akiyafanya hayaitwi kazi. Alijifunza kupika mpaka akajua, alisafisha nyumba, alikwenda maktaba ya mji, ambako kusoma ni bure, akasoma kanuni za umeme za nchi hii, maana nyaya ni zile zile lakini sheria zake ni nyingine. Na usiku, mke akiwa kazini, alikuwa akiandika katika daftari.

Daftari lile mke aliliona mwezi wa Agosti katika kabati la jikoni, nyuma ya mkebe wa majani ya chai. Mlikuwa mna nusu ya kodi ya nyumba, nauli ya basi, kofia ya baridi, mkate. Jumla yake dola 4,312. Mke alidhani ni hesabu ya matumizi, kisha akasoma juu ya ukurasa: "Ninalodaiwa na mke wangu."

"Umeandika mpaka mkate!" alisema. "Mimi nimekuwa mwenye hoteli, na wewe mpangaji?"

Mume akajibu neno ambalo amelijutia: "Siku tutakapogombana utaniambia kuwa ulinilisha. Afadhali niwe na hesabu."

Siku tatu tulisemezana kwa salamu tu. Twayaandika haya kwa haya nyingi, lakini twajua nyumba nyingine zilizo na daftari kama lile, na nyingine ambazo daftari limo kichwani, nalo ndilo baya zaidi.

Siku ya nne tulimpigia simu sheikh mmoja wa Mombasa ambaye mume alisoma kwake, tukamweleza yote, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Wanangu, mmechanganya mifuko mitatu." Mfuko wa kwanza ni masurufu ya mke mwenyewe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, masurufu asiyoyatoa mume hubaki kuwa deni juu yake hata siku zikipita; mke ana haki ya kuyadai, ana haki ya kuyasamehe, na mume akishindwa kabisa mke ana haki ya kwenda kwa kadhi. "Haki hiyo ipo," akasema, "wala usione haya, binti yangu, kuijua." Mfuko wa pili ni alichokula mume katika mali ya mke. Hiki, kama mke alikitoa kwa kupenda bila ya kutaja mkopo, ni hiba au sadaka. Mume hawezi kukigeuza deni kwa kalamu yake, wala mke hawezi kesho kukigeuza kwa ulimi wake. Hapo akatukumbusha habari ya Bibi Zaynab, mke wa Abdullahi bin Mas'ud, ambaye alikuwa na mali na mumewe ni maskini, akaenda mlangoni kwa Mtume s.a.w. kuuliza kama yafaa ampe mumewe sadaka yake. Akamkuta mlangoni mwanamke wa Kiansari ana swali lile lile, na Bilal akawaingizia swali lao. Jawabu lilikuwa kwamba watapata ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Mume aliyekuwa akisikiliza hakusema kitu. Mfuko wa tatu ni fedha za mama: huo, akasema, mtaagana wenyewe, mkopo au zawadi, lakini muagane leo.

Tukaagana. Mke alisamehe mfuko wa kwanza kwa miezi yote ya kungojea, mbele ya sheikh katika simu. Wa pili mume aliupokea kama ulivyo, nako ndiko kulikomgharimu. Alisema kwa mzaha kwamba Nabii Musa aliingia Madyan mgeni hana kitu, lakini yeye angalau alipewa kondoo wa kuchunga. Wa tatu, kwa kushikilia kwake mwenyewe, ukawa deni.

Kuna jambo moja dogo. Maofisa wa uhamiaji hutaka kuona kwamba ndoa ni ya kweli, na katika dalili wazitakazo ni akaunti ya pamoja. Na kwetu mali ya mke ni yake, haichanganywi. Tulifungua akaunti ya pamoja isiyo na riba kwa kodi na chakula tu, na ya mke mwenyewe ikabaki yake. Hakuna aliyetulaumu kwa hilo.

Ruhusa ilipokuja Desemba, mume hakupata kazi ya umeme, alipata ya kupakia vifurushi ghalani, dola 18 kwa saa. Mshahara wa kwanza, Januari, alilipa kodi yote, akanunua unga, mchele na nyama, na zilizobaki akamkabidhi mke kuwa ni masurufu yake. Mke alikuwa na fedha zaidi ya zile katika akaunti yake. Alizipokea kwa mikono miwili. Deni la fedha za mama, miezi minane, dola 1,040, alilipa kwa mafungu manne, akamaliza Aprili 2023.

Karatasi ya ukaazi ilikuja Julai mwaka ule, nayo ilikuwa ya miaka miwili tu, kwa kuwa ndoa yetu ilikuwa haijatimiza miwili. Basi mwaka 2025, katika siku 90 za mwisho kabla ya muda wake kwisha, tulipeleka pamoja fomu ya I-751, tukaambatisha mkataba wa nyumba, hesabu za kodi ya serikali, na taarifa za akaunti ile ya unga na mchele. Daftari hatukulipeleka. Liko bado nyuma ya mkebe wa majani ya chai, na mke huandika humo namba za simu.