Kadi Mfukoni, Gari la Watu

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tuliolelewa karibu na duka la rejareja tuliijua methali hiyo kabla hatujajua kusoma, maana mwenye duka alikuwa ameibandika ukutani kwa maneno yake mwenyewe: "Leo taslimu, kesho mkopo." Kesho hiyo haikufika. Aliyebahatika kukopeshwa aliandikwa katika daftari, na jina lililokaa sana katika daftari lilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Mtu wa malezi hayo akija kuishi Marekani hana budi kujifunza jambo lililo kinyume kabisa, yaani kwamba hapa asiyewahi kukopa ndiye asiyeaminika. Wakopaji hupimwa kwa alama, kuanzia 300 hadi 850, na aliyelipa kila kitu taslimu maisha yake yote aghalabu hana alama yoyote. Mwenye nyumba ya kupanga huziangalia, na muuza magari vilevile. Basi hata sisi tunaoogopa daftari hujikuta tuna kadi ya mkopo mfukoni, na swali linalobaki ni kadi ipi.

Sina nia ya kumfundisha mtu kukopa. Nataka kusema juu ya jambo moja dogo ambalo limegharimu fedha nyingi miongoni mwetu huku Maryland na kwingineko: kadi ya kukodia gari na ya kusafiria.

Jamaa zetu wametawanyika katika nchi hii kama kunde zilizomwagika. Harusi iko Columbus, ubatizo Minneapolis, msiba Houston. Gari la mtu linalomfikisha kazini kila siku si lazima liweze kumfikisha maili mia nne na kumrudisha. Kwa hiyo tunakodi. Na kila tukikodi tunafika mbele ya kaunta, ambako kijana mwenye tai na tabasamu huuliza, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, kama ungependa kulindwa.

Kinachouzwa pale si bima hasa. Ni ahadi ya kampuni kwamba gari likigongwa au likiibiwa haitakudai. Bei yake mara nyingi ni dola 20 hadi 30 kwa siku, na pengine zaidi. Kwa juma moja hiyo inaweza kukaribia bei ya kulikodi gari lenyewe. Kijana wa kaunta naye aghalabu hupata chake kwa kila anayekubali, ndiyo maana huruma yake haichoki. Umesafiri usiku, watoto wanalia, nyuma yako kuna foleni; unatia sahihi.

Kumbe kadi nyingi za mkopo hubeba ulinzi huohuo bila malipo ya ziada. Lakini zina masharti, na masharti hayo yanataka mtu ayasome akiwa nyumbani, ametulia. Uikatae ahadi ya kampuni. Ukiikubali, kadi hujitoa. Ulipie gari lote kwa kadi hiyo, na mkataba uwe na jina lako. Siku zisizidi kikomo. Zipo kadi zinazoishia siku 15, zipo za siku 31. Malori ya kuhamisha vyombo hayamo, wala magari ya kifahari mno. Gari ulilokodi kwa mtu binafsi badala ya kampuni aghalabu halimo pia, na ndiyo sababu Noah unayoazimwa na jirani wa shangazi kule nyumbani, ukailipia kwa M-Pesa, haina habari na kadi yoyote duniani.

Kisha kuna tofauti ambayo wengi hawaijui: kadi inayolipa kwanza na kadi inayolipa baadaye. Inayolipa baadaye hungoja bima ya gari lako mwenyewe itoe kwanza, nayo hujaza pale ilipopungua. Shida yake ni kwamba bima yako ikishatoa, mwaka unaofuata huenda ikakupandishia malipo. Inayolipa kwanza haiigusi bima yako kabisa. Chase Sapphire Preferred, ambayo ada yake imekuwa dola 95 kwa mwaka, ni ya namna hiyo. Dada yake mkubwa, Sapphire Reserve, ilianza mwaka 2016 kwa ada ya dola 450, na mwaka 2025 ikafika 795. Hiyo nawaachia wanaoishi katika viwanja vya ndege. American Express kwa kawaida hulipa baadaye, lakini ina mpango ambao mwenye kadi hulipa ada moja isiyofika dola 25 kwa kila mara anayokodi, hata akikaa na gari majuma mawili, na hapo hulipa kwanza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alinipigia simu juu ya jambo hili alipopata kazi yake ya kwanza Boston.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mjomba. Wenzangu kazini wananiambia nichukue ile kadi ya dola tisini na tano, inayolipa kwanza. Nichukue?"

"Una gari?"

"Sina. Napanda treni."

"Una bima ya gari?"

"Sasa mjomba, bima ya gari lipi?"

Basi jibu lilikuwa hapo. Asiye na bima ya gari hana cha kutangulia mbele ya kadi, na kwake kadi inayolipa baadaye hugeuka kuwa inayolipa kwanza. Kwa nini alipe dola 95 kwa kitu ambacho kadi isiyo na ada ingempa? Lakini nilimwambia pia jambo la pili, ambalo wenzake hawakumtajia, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Kadi hulipia gari ulilokodi. Hailipii gari la mwenzio ulilogonga, wala mguu wa mtu uliouvunja. Mwenye gari lake ana bima inayomfuata hata katika gari la kukodi. Asiye na gari yuko uchi. Tena tangu mwaka 2005 sheria ya nchi nzima imeziondolea kampuni za kukodisha dhima ya ajali kwa sababu tu ya kuwa wenye gari. Kwa hiyo mtu kama mpwa wangu hana budi kununua ulinzi wa watu pale pale kaunta, au kukata bima maalumu ya dereva asiye na gari. Nilimwambia kwa ufupi: la gari kataa, la watu kubali.

Mwaka uliofuata alirudisha gari likiwa limebonyezwa mlango katika maegesho ya hoteli, na aliyebonyeza hakuonekana. Kampuni ikamletea hesabu ya dola 1,860. Ndani yake mlikuwa na matengenezo, ada ya makaratasi, na fidia ya siku ambazo gari lilikaa gereji bila kukodishwa, kitu ambacho mgeni wa nchi hii hafikirii kwamba kinaweza kudaiwa. Kadi nayo haikutoa siku hiyohiyo. Ilitaka mkataba, stakabadhi, hesabu ya fundi, picha, na taarifa yenyewe itolewe kabla muda haujapita. Kampuni ilichukua majuma mengi kuleta karatasi zake, huku ikimtumia barua za vitisho. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa amelipiga picha gari zima alipolichukua na alipolirudisha, mpaka magurudumu. Baada ya majuma kumi na moja deni lilikwisha, isipokuwa dola 75 za makaratasi alizolipa mwenyewe.

Wala mtu asidhani kwamba akichagua mara moja amemaliza. Discover iliuondoa ulinzi wake wa magari ya kukodi mwaka 2018. Citi ikauondoa katika kadi zake nyingi Septemba 2019. Waliokuwa na kadi hizo walipelekewa taarifa, na taarifa za benki tunajua zinakoishia.

Sasa niseme juu ya pointi za safari, ambazo ndizo zinazopigiwa ngoma zaidi katika matangazo. Wamarekani huzitumia kwenda Hawaii. Kwa mtu wa kwetu zina kazi nyingine. Mama yangu alifariki Agosti 2017. Kwetu Muheza maziko yalikubali kumsubiri aliye mbali, lakini si zaidi ya siku nne. Tiketi ya kuondoka kesho yake ilikuwa inapita dola elfu mbili, na mwezi ule tulikuwa tumeshatuma fedha zote nyumbani kwa ajili ya hospitali. Pointi za kadi nilizokuwa nimezikusanya kidogo kidogo, kwa maziwa na petroli na nguo za shule, nilizihamishia United. United ina ushirikiano na Ethiopian, ambayo huruka kutoka Washington hadi Addis Ababa, kisha Dar es Salaam. Pointi elfu themanini, kwenda na kurudi, na kodi zisizofika dola mia. Nilifika usiku wa kuamkia maziko.

Tangu hapo sizihifadhi pointi kwa kuringa. Pointi ni embe, si mahindi ya ghalani. Delta iliondoa jedwali la bei zake za pointi mwaka 2015, na United ikafuata mwaka 2019. Sasa bei ni ile utakayoikuta siku hiyo. Lakini hazina yangu haipungui kiasi cha kumfikisha mtu mmoja Dar es Salaam. Baba yu hai, ana miaka themanini na minane.

Yote haya yana maana kwa anayelipa deni lote kila mwezi, na kwa huyo tu. Riba ya kadi hizi sasa mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Ukibeba deni la dola 3,000 mwaka mzima kwa asilimia 22, riba ni kama dola 660. Pointi ulizopata kwa kutumia hizo 3,000 hazizidi sana dola 30, ukijua kuzitumia labda 60. Nina rafiki wa Mombasa ambaye hataki kadi ya mkopo kabisa. Wapo masheikh wanaoiruhusu kwa anayelipa kabla riba haijaingia, lakini yeye anasema mkataba wenye sharti la riba hawezi kuutia mkono. Akikodi gari hutumia kadi ya akaunti yake, kampuni ikamzuilia mamia ya dola mpaka arudishe gari, na ulinzi wa kaunta huununua wote. Nilimpigia hesabu ya anachopoteza. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nanunua usingizi." Sikuwa na hesabu ya kujibu hilo.

Na pointi zenyewe zinatoka wapi? Muuza duka hukatwa kama asilimia mbili, pengine zaidi, kila kadi ya mkopo inapotumika, naye huitia ile asilimia katika bei ya kila kitu. Mwaka 2010 wachumi wa benki kuu ya Marekani, tawi la Boston, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wanaolipa taslimu huwabeba wanaolipa kwa kadi, na kwa jumla wenye kipato kidogo huwabeba wenye kingi. Sikuhitaji wachumi kuniambia. Katika duka ninaponunua chakula, Jumamosi jioni, mbele yangu husimama akina mama wa El Salvador wanaosafisha maofisi, wakihesabu noti zilizokunjwa. Mkate ni uleule na bei ni ileile. Wao hulipa, kisha mimi hutoa kadi yangu, na katika kile wanacholipa kuna sehemu inayorudi kwangu. Tiketi ya kwenda kumzika mama ilitoka humo pia.