Mafunjo ya Kampala na Masomo ya Wasichana

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na kila kilima kina wenyewe. Mengo ni kwa Kabaka, Rubaga ni kwa Wakatoliki, Namirembe ni kwa Waanglikana, Kibuli ni kwa Waislamu, na Makerere ni kwa wasomi. Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922, na Mwalimu Nyerere alisomea ualimu hapo miaka ya 1943 hadi 1945. Wageni huvisifu vilima hivyo. Mabonde hayatajwi sana, ingawa ndiko yateremkiako maji ya mvua, na ndiko wakaako wengi wenye kipato kidogo.

Mtu akishuka kutoka Makerere hadi Wandegeya, akaifuata barabara ya Bombo kuelekea kaskazini, atapita Bwaise, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha maji huingia hadi vyumbani. Mbele yake ni Kawempe. Upande wa magharibi kuna kinamasi cha Lubigi, chenye mafunjo marefu kumpita mtu, kila bua na shungi lake kichwani. Wenyeji huyasuka mikeka, nayo yenyewe huyachuja maji machafu ya mji. Yakikatwa, huchipua tena.

Mmea huo ndio uliomvutia Dk. Moses Musaazi, mhadhiri wa uhandisi wa umeme hapo Makerere. Jambo lililomsumbua halikuwa la umeme hata kidogo. Wasichana wengi wa shule walikuwa wakikosa masomo kila mwezi wanapokuwa katika hedhi, kwa kuwa taulo za kike za dukani zilitoka nje ya nchi na bei yake iliwashinda wazazi. Msichana alitumia matambara, au alibaki nyumbani. Siku nne za kila mwezi si haba: mwalimu ajuaye kuitunza daftari ya mahudhurio ataona mara moja ni masomo mangapi yanayopotea, na kwa nini msichana aliyekuwa hodari darasa la nne anafifia afikapo la saba.

Musaazi angaliweza kuomba misaada na kugawa taulo bure. Yeye alifungua kiwanda. Hapo Kawempe mabua ya mafunjo yalimenywa ganda la kijani, yakapondwa hata yakawa laini, yakachanganywa na karatasi chakavu zilizolowekwa, kisha rojo hilo likatandazwa kwenye fremu na kuanikwa juani. Likikauka lilisuguliwa hadi likalainika na kuweza kunyonya, likakatwa na kutiwa ndani ya kitambaa. Nyingi za mashine zake ziliendeshwa kwa mikono. Naam, mhandisi wa umeme alibuni mashine zisizotaka umeme! Sababu yake ni dhahiri. Mashine ya namna hiyo hufundwa na fundi wa karibu, hufanya kazi hata kijijini, na huwapa watu wengi ajira. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake. Taulo hizo zikaitwa MakaPads, na bei yake ilikuwa chini sana kuliko ya zile zilizotoka ng'ambo.

Hapa yafaa kutazama habari ya bei kwa makini. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike mwaka 2004. Tanzania nayo iliiondoa mwaka 2018, lakini mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakuwapunguzia wanunuzi bei. Nafuu iliyotolewa na serikali iliishia njiani kabla ya kufika kwa msichana. Kiwanda cha Kawempe kilianzia upande mwingine: kilipunguza gharama katika malighafi yenyewe, ambapo hakuna mchuuzi wa kuificha nafuu hiyo mfukoni.

Hata hivyo, kutengeneza ni jambo moja na kuuza ni jingine. Mnunuzi mkubwa wa MakaPads hakuwa mzazi wa Bwaise, bali Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lililozipeleka katika makazi ya wakimbizi. Kwa hiyo biashara iliyoanzishwa ili isitegemee hisani ilijikuta ikitegemea fungu la wafadhili, na wafadhili hubadili nia. Aliyekusudiwa tangu mwanzo, yaani binti wa mkulima au wa mchuuzi wa ndizi, alibaki akipima: taulo, sukari au mafuta ya taa? Familia inayoishi kwa mshahara mmoja, hata ya askari katika kota, yaijua hesabu hiyo.

Lakini Kyaka II, magharibi ya Uganda, wakaako wakimbizi wengi kutoka Kongo, lilitokea jambo la kutazamwa. Kazi ilipelekwa huko huko. Wakimbizi walijifunza kuyaponda mafunjo na kuyaanika, wakawa wanalipwa ujira kwa kutengeneza kitu kile kile ambacho hapo awali walikuwa wakingoja wapewe.