Babu avue viatu tumtazame nyayo
Sijawahi kukutana na daktari wa miguu Shinyanga. Kwenye kliniki za kisukari ninazozitembelea, miguu ni kazi ya muuguzi, kazi ambayo Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amewafundisha wengi kupitia mpango wa Step by Step. Mgonjwa anavua viatu, anafumba macho, anaguswa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni. Unasikia?

Mchimbaji mmoja wa Geita hakusikia. Alikuwa ameshinda duarani na kokoto ndani ya gambuti, sukari imeshaua hisia. Kidole kikawa cheusi, kikakatwa. Mkewe hakuwahi kuambiwa atazame.

Kama babu ana sukari, mpe mjukuu kazi: kila jioni amkague nyayo na katikati ya vidole, na asubuhi amkung'utie viatu kabla hajavaa.