Nimekuja Kuomba Ushauri

Watu wengi wanaofika ofisi ya usharika siku za kazi hawaleti maswali kuhusu Utatu Mtakatifu. Wanaleta habari za mbuzi wa jirani aliyekula mahindi, za mkwe na mama mkwe wasiosalimiana, za kijana aliyemaliza kidato cha nne na hataki kushika jembe wala kutafuta kazi, za fedha za kikundi alizokopeshwa shemeji na hazirudi. Mtu huketi, husema Bwana Yesu asifiwe, hugeuka kuutazama mlango kama umefungwa, kisha husema maneno niliyoyasikia kuliko mengine yote katika utumishi wangu: "Baba Mchungaji, nimekuja kuomba ushauri."

Wapo wanaodhani mambo hayo ni madogo mno kuletwa kanisani. Mimi naona hapo ndipo imani yetu inapopimwa. Tuzihesabu amri kama tulivyofundishwa katika Katekisimo Ndogo. Kuanzia ya nne mpaka ya kumi, zote saba zinahusu wazazi, uhai wa mwenzetu, ndoa, mali, sifa njema na nyumba ya jirani. Kama Mungu angeyadharau mambo ya uani, asingeyawekea amri saba kati ya kumi.

Martin Luther naye hakuyadharau. Kinyozi wake, Peter Beskendorf, alimwuliza mtu aombe namna gani, na Luther akamjibu kwa kumwandikia kijitabu kizima mwaka 1535. Mwaka uleule kinyozi huyo alimchoma kisu mkwewe mezani akafa. Luther alikuwa miongoni mwa waliomwombea rehema, na adhabu yake ikawa kufukuzwa mjini badala ya kuuawa. Kwa hiyo ushauri mwema hauzuii kila balaa, lakini mshauri mwema hamkimbii mtu wake siku ya balaa. Katika Makala za Schmalkalden, zilizoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa mwaka 1537, Luther aliorodhesha njia ambazo Injili hutufikia: Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Meza ya Bwana, mamlaka ya funguo. Akaongeza pia mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Maana yake, ndugu wawili wanapoketi kwenye benchi wakizungumzia shida ya nyumbani, Kristo anaweza kuwahudumia hapohapo.

Hata hivyo, miaka ya kusikiliza imenifundisha kwamba si kila anayesema "nishauri" anataka ushauri. Wengi wetu tunatafuta shahidi. Tumekwisha kuamua, tumekwisha kukasirika, na tunachotaka ni mtu wa kutuambia kwamba tuna haki. Soma habari za Rehoboamu katika 1 Wafalme 12. Alikwenda kwanza kwa wazee waliomtumikia baba yake, wakamwambia awe mtumishi wa watu na aseme nao kwa upole. Hakupenda. Akawaendea vijana aliokua pamoja nao. Ukisoma kwa makini utaona kwamba alipowauliza vijana alisema habari ya jibu ambalo "sisi" tutawapa watu. Kwa wazee hakusema "sisi". Alikuwa amekwisha kuchagua upande kabla hajauliza. Ufalme uligawanyika kwa sababu ya mtu aliyeomba ushauri mara mbili bila kuuhitaji hata mara moja.

Basi mimi nasema kuomba ushauri ni tendo la imani. Anayeomba kwa kweli anakiri kwamba haoni yote, na kwamba huenda sehemu ya shida ni yeye mwenyewe. Hilo ni jirani sana na toba. Ndiyo maana ni gumu, na ndiyo maana linaponya.

Mama mmoja, aliyeniruhusu kueleza jambo lake bila kumtaja, alikuja kwa ajili ya mparachichi wa jirani. Mti ulikuwa umetanda juu ya migomba yake mpaka migomba ikadhoofu. Alinieleza kwa muda mrefu na kwa uchungu. Jambo hilo lilikuwa limefika kwa dada zake, kwa wenzake wa kwaya, kwa mjumbe, na kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Nikamwuliza, "Na mwenye mti, umemwambia?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Yule? Yule anajua." Hakuwa amemwambia.

Bwana wetu katika Mathayo 18 ametupa utaratibu mwepesi kuukariri na mgumu kuufuata. Anza na yeye mwenyewe, ninyi wawili tu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo kanisa. Sisi tunaanzia mwisho. Kanisa zima linajua, ukoo unajua, na mwenye jambo anakuwa wa mwisho kulisikia, tena likiwa limetiwa chumvi. Nilimshauri mama yule aende kwa jirani yake jioni, saa ambayo watu wamepumzika, na aanze kwa kumjulia hali. Alirudi baada ya wiki mbili. Jirani alikata matawi mawili, si matatu kama alivyotaka, lakini wanasalimiana.

Sisi wa Kilimanjaro tuna alama nzuri ya jambo hili. Mipaka ya vihamba vyetu wazee waliiweka kwa masale. Na mtu aliyemkosea mwenzake alichukua jani la isale, akalipeleka kuomba msamaha, na aliyeletewa isale haikuwa rahisi kukataa. Mmea uleule unaosema "hapa ni kwangu, pale ni kwako" ndio unaosema "nisamehe." Wazee wetu walijua kwamba mpaka bila msamaha ni vita, na msamaha usiojali mpaka ni dhuluma. Injili ilipofika huku ilikuta watu wanaoelewa tayari kwamba amani hubebwa mkononi, kwa miguu, mpaka mlangoni kwa mwenzako.

Lakini lazima niseme kwa uwazi mahali ambapo utaratibu huo una mwisho wake. Mama mwingine aliniambia kwamba kabla ya kufika kwangu alikuwa ameomba ushauri mara tatu: kwa mama yake mzazi, kwa msimamizi wao wa ndoa, na kwa mama mmoja anayeheshimika katika jumuiya. Wote walimpa neno moja, "Vumilia." Alipovua kitenge begani niliona ni nini alichoambiwa akivumilie.

Neno "vumilia" ni zuri kwa umaskini, kwa ugonjwa, kwa tabia za mwenzako zinazochosha. Kwa kipigo si neno la Mungu. Yesu aliposema nenda kwa ndugu yako mkiwa wawili tu, alisema juu ya ndugu anayeweza kurudishwa kwa maneno. Hakumtuma mtu aende peke yake kwa mwenye ngumi. Mama yule hakuhitaji kufundishwa saburi. Alihitaji mahali salama pa kulala usiku ule, hospitali, na mtu wa kumsindikiza kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Mke wangu na mzee mmoja wa kanisa walikwenda naye. Kusuluhishwa kuna wakati wake, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi kwa ndoa zenye mgogoro. Lakini usuluhishi huanza mtu akiwa salama, si akiwa bado ana hofu ya kurudi nyumbani. Amri ya tano inakataza kuua, na Katekisimo inatufundisha kwamba inatudai pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Anayemrudisha mtu kwenye kipigo kwa neno la Biblia ameivunja amri hiyo huku ameshika Biblia.

Hapa ndipo nataka kusema nasi tunaoombwa ushauri, maana kila msomaji wa kitabu hiki ataombwa, kama si leo basi kesho. Chuoni tulifundishwa kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa, na sijapata kanuni bora kuliko hiyo. Mtu akieleza nusu ya jambo, ile nusu nyingine ndiyo yenye mzizi. Uliza maswali machache. Usisimulie ya kwako haraka. Kama hujui, sema hujui, kisha mpeleke kwa anayejua: mganga wa hospitali, mwanasheria, mwalimu wa mtoto. Ayubu alipopatwa na msiba, rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walifanya vema mpaka walipoanza kusema.

Na zaidi ya yote, tunza siri. Wachungaji tumeapa kutunza siri za wanaotuungamia, lakini wajibu huu si wetu peke yetu. Nimesikia maombi ya jumuiya yanayoanza, "Tumwombee dada yetu wa pale kona, nyumba yake inawaka moto." Kila aliyepo anafahamu ni nani, na yule dada hatarudi kusema lolote kwa yeyote. Huo ni umbeya uliofumba macho. Amri ya nane inatutaka tumtetee jirani na kumnenea mema. Jumuiya inayotunza siri itakuwa na watu wanaopona. Isiyotunza siri itabaki na watu wanaotabasamu Jumapili na kulia jikoni.

Mpendwa msomaji, huenda unalo jambo sasa hivi. Liko nyumbani kwako, au ng'ambo ya ua. Kwanza lieleze kwa Mungu, ambaye Yakobo anasema huwapa hekima wanaomwomba wala hawakemei kwa kuuliza. Kisha jiulize swali moja kwa unyofu: natafuta ushauri au natafuta shahidi? Ukiwa tayari kusikia jambo usilolipenda, tafuta mtu mmoja mwenye hofu ya Mungu na mdomo mzito, ukamweleze yote, pamoja na sehemu yako. Na kama mwili wako au wa mtoto wako uko hatarini, usingoje Jumapili. Toka, omba msaada leo. Mlango wa mchungaji wako ubishwe hata usiku.